Nataka matairi makubwa, lakini safari zangu karibu zote ni za lami

SWALI

Fundi, salaam.

Nina SUV ya dizeli, gia otomatiki, inayovuta magurudumu yote manne muda wote. Naiendesha mwenyewe kila siku: kazini, shuleni kwa watoto, sokoni, na njia zote hizo ni lami. Mara chache kwa mwaka tunakwenda kuwaona wazazi wangu, na kule kipande cha mwisho ni barabara ya udongo yenye makorongo na mawe. Mvua ikinyesha kuna utelezi.

Matairi niliyonayo yamechoka. Mabega ya pande zote mbili yamelika kuliko katikati. Ubavuni yameandikwa 265/65R17 112S, na saizi ni hiyohiyo iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Mpango wangu ulikuwa kununua ya saizi hiyo, basi. Lakini safari ya mwisho kwa wazazi tulikuwa watu 6 na mizigo, gari likagonga chini mara kadhaa, nikaapa kwamba safari hii nanunua matairi makubwa ili gari liinuke.

Sasa kila mtu ana lake. Shemeji yangu ana gari kama langu. Amelifunga matairi ya matope ya 285/70R17 na kuliinua sentimita 5 ili yasiguse bodi, na anasema nifanye hivyohivyo. Ati yamempandisha inchi 2 kabla hata ya kugusa springi, na spidomita haibadiliki. Mume wangu anamuunga mkono, nadhani kwa sababu lile gari linapendeza kulitazama. Muuzaji wa matairi anasema njia rahisi ni rimu za inchi 20, kwa kuwa rimu kubwa ndiyo tairi kubwa. Fundi anayenihudumia anasema 265/70R17 itaingia bila kugusa popote. Huyo alilipandisha gari juu, akanionyesha mikwaruzo: iko kwenye bomba la moshi upande wa nyuma, na chini ya bampa la nyuma. Mbele hakuna.

Nisaidie. Nikipanda saizi, gari litainuka kiasi gani hasa? Mafuta, breki na gia vitaathirika? Nichukue tairi la aina gani? Na je, naweza kununua mawili sasa na mawili baadaye, maana manne kwa mpigo ni fedha nyingi?

Naomba jibu la mtu ambaye haniuzii kitu.

Niko Njia Panda


JIBU

Dada Njia Panda, salaam.

Kabla ya namba za matairi tuanze na hiyo mikwaruzo, maana umeitaja kwa kupita na ndiyo yenye habari. Iko nyuma tu, na ilipatikana siku gari lilipobeba watu 6 na mizigo. Gari ambalo ni fupi kwa umbo lake hugonga popote: chini ya injini, katikati, nyuma. La kwako linagonga nyuma kwa sababu linalala nyuma, na kwa kawaida kinacholilaza gari namna hiyo ni springi zilizochoka. Ukifunga matairi makubwa bila kuzigusa, gari zima litapanda kidogo, lakini ukipakia mizigo mkia utashuka vilevile kama ulivyoshuka safari ile.

Kulihakikisha jambo hili hakuhitaji kompyuta. Egesha mahali tambarare, gari likiwa tupu. Chukua utepe wa kupimia, upime kuanzia katikati ya rimu kwenda juu hadi kwenye ukingo wa bodi ulio juu ya gurudumu, pande zote nne. Ukianzia katikati ya rimu, ukubwa wa tairi na kulika kwake haviingii kwenye hesabu; unachopima ni springi peke yake. Kisha pakia watu na mizigo kama ya safari, upime tena. Linganisha na gari la aina yako ambalo halijaguswa (la shemeji halifai, lilishainuliwa), au umuulize fundi akuangalizie kipimo cha kiwandani. Springi za nyuma za gari lililotumika miaka mingi zinaweza kuwa zimeshuka sentimita 2 au hata 3. Kariri kipimo hicho, kwa sababu utaona hapa chini kwamba tairi la saizi moja juu halikifikii hata karibu.

Kama zimechoka, badilisha pea nzima ya nyuma, na shokabzoba zikaguliwe siku hiyohiyo. Usikubali kuuziwa springi nzito za gari la kubeba mizigo kila siku. Gari lako siku nyingi linakwenda na mtu mmoja au wawili, na springi ngumu kupita kiasi zitakurusharusha kwenye kila tuta.

Ipo sehemu moja ambayo springi haziwezi kuiinua, na ndiyo iliyonifanya nisome ripoti ya fundi wako mara mbili. Kama gari lako lina ekseli ngumu nyuma (mhimili mmoja mzima unaoshika magurudumu yote mawili), lile tumbo la difu, yaani sanduku la gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, limeshikana na magurudumu yenyewe, na springi ziko juu yake. Ukiweka springi ndefu namna gani, difu litabaki palepale. Linaloliinua ni tairi peke yake. Mikwaruzo ingekuwa kwenye difu, ningekuambia panda saizi na tuhamie kwenye swali jingine. Lakini bomba la moshi na bampa vinaning'inia kwenye bodi, na bodi ni kazi ya springi.

Haya, matairi. Kununua ni lazima, kwa hiyo twende kwenye hesabu, na kikokotoo cha simu kinatosha.

Katika 265/65R17, namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya huo upana, yaani milimita 172. Herufi R ni ya tairi la rediali, na 17 ni rimu kwa inchi, sawa na milimita 432. Jumlisha rimu na mbavu mbili, juu na chini, unapata kipenyo cha milimita 776. Fanya vivyo hivyo kwa 265/70R17, utapata 803. Kwa 285/70R17 utapata 831.

Sasa usisahau kugawa kwa 2. Ekseli inakaa katikati ya tairi, kwa hiyo gari hupanda kwa nusu ya tofauti ya kipenyo. Pendekezo la fundi wako linaongeza milimita 13. La shemeji linaongeza milimita 27. Zile inchi 2 anazojivunia ni kipenyo kizima. Nusu yake iko juu ya ekseli na haisaidii lolote kule kwenye makorongo.

Rimu za inchi 20 nizimalize haraka. Ili tairi liingie pale lilipoingia la zamani, rimu ikikua lazima ubavu upungue. Tairi linaloendana na gari lako kwenye rimu hiyo ni mfano wa 265/50R20, na kipenyo chake ni milimita 773, pungufu ya hili ulilonalo. Kimo hujapata, na umepoteza sentimita 4 za mpira kati ya rimu na mawe. Ukiingia shimo lenye kingo kali, huo mpira ndio unaoiokoa rimu isipinde na ubavu usipasuke au kuvimba. Kwa lami safi zinapendeza. Kwa njia ya wazazi wako, hili ndilo pendekezo baya kuliko yote matatu.

La shemeji linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu si la kipuuzi. Yapo magari ambayo 285/70R17 ni sahihi kwao: yanayoishi porini, yenye mizigo, yaliyobadilishiwa hadi uwiano wa gia za difu. La kwako haliishi huko.

Tairi lake ni kubwa kuliko la kiwandani kwa asilimia 7. Kila mzunguko mmoja wa gurudumu unakupeleka mbele kwa asilimia 7 zaidi, ila kompyuta ya gari haijui, inaendelea kuhesabu kwa tairi la zamani. Chukua spidomita iliyokuwa sahihi kabisa: mshale ukisoma 100, wewe uko 107. Katika magari mengi athari hupungua kidogo kwa sababu spidomita hutengenezwa ili izidishe. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, hairuhusu mshale uonyeshe mwendo mdogo kuliko mwendo halisi, ila inaruhusu uzidishe hadi asilimia 10 pamoja na kilomita 4 kwa saa. Kwa hiyo gari moja na jingine hutofautiana, na huenda la shemeji lilikuwa na nafasi kubwa ya kuzidisha. Kusema haibadiliki si kweli. Pima la kwako kwa programu ya simu inayosoma mwendo kwa setilaiti, utajua ulipo.

Kihesabu kilomita nacho hupunguza. Ukienda kilomita 100 kitaandika 93 na pointi kidogo. Huduma ya kila kilomita 10,000 utakuwa unaifanya kwenye 10,700. Na hapa pana mtego: watu wengi waliofunga matairi makubwa hulalamika kwamba gari limeanza kunywa mafuta vibaya mno, na sehemu ya hayo malalamiko ni kihesabu kinachowanyima kilomita walizokwenda. Rekebisha hesabu kwanza ndipo ulaumu tairi. Baada ya kurekebisha, bado utakuta limeongezeka. Tairi la matope ni zito, vipande vyake vikubwa vya mpira vinajikunja na kujikunjua kila vinapogusa lami, na gari lililoinuliwa linapambana na upepo zaidi.

Uzito wenyewe usiuchukulie kirahisi. Tairi la matope lenye mbavu nene la saizi ile linaweza kuzidi lako kwa kilo 7 au 8, na ni kilo zinazozunguka, nyingi ziko mbali na katikati. Kuzianzisha mwendo kunahitaji nguvu, kuzisimamisha kunahitaji nguvu, na mjini kazi yako ni hizo mbili kutwa nzima. Breki ni zilezile, diski ni zilezile, lakini sasa zinashindana na gurudumu lenye mkono mrefu zaidi. Ukiwa na watu 6 kwenye mteremko utalihisi hilo kwenye mguu wa breki.

Kwenye gia, athari ni ile ya kupanda mlima kwa baiskeli iliyoachwa kwenye gia nzito. Mahali injini ilipokuwa ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kwa mwendo uleule halisi itazunguka kama 1,870. Wapo watakaokuambia injini inapumzika. Kwenye tambarare, huenda. Kwenye kilima giaboksi otomatiki itaona injini imekosa nguvu, itashuka gia, itapanda, itashuka tena, na hiyo hangaika ya juu na chini ndiyo inayopasha moto mafuta ya giaboksi.

Halafu kuna kugusa. Tairi la 285 ni pana kuliko lako kwa milimita 20, yaani 10 kila upande kwenye rimu uliyonayo, na limekua milimita 27 kuelekea juu, mbele na nyuma. Nafasi hiyo haipo bure. Mara nyingi litakwaruza plastiki ya ndani ya madigadi upande wa nyuma wa gurudumu la mbele, au mkono wa juu wa saspensheni, hasa ukikata kona mpaka mwisho huku gurudumu limesukumwa juu. Ndipo mtu anaposhawishika kununua rimu zinazotokeza nje, ambazo huzipa beringi mzigo wa pembeni na kuufanya usukani uvute kwenye kila shimo. Akiinua gari, mihimili inayozungusha magurudumu ya mbele inakaa kwa pembe kali, alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) inahama, taa zinamulika machoni mwa wanaokuja, na gari zima linakuwa refu na kuyumba kwenye kona za lami unazozipita kila siku. Unaona jinsi ununuzi mmoja unavyozaa mwingine. Na tairi la akiba bado hatujaligusa. Lile la 285 huenda lisiingie hata mahali lilipotengewa.

Nchi nyingi zina sheria kuhusu saizi ya tairi na kuinua gari, na kampuni ya bima inaweza kutaka kujulishwa. Uliza kabla ya kulipa.

Fundi wako ndiye aliyesema la maana kati ya wote watatu. 265/70R17 ina upana uleule, kwa hiyo kwa ndani haisogelei kitu. Imekua asilimia 3.4 tu: mshale ukisoma 100 uko 103 na nusu kwa spidomita iliyokuwa sahihi, na kwa spidomita inayozidisha kidogo, pengine ndiyo kwanza itasema kweli. Gia hazitalalamika sana. Faida yake kubwa kwangu ni ubavu, umeongezeka milimita 13 za mpira wa kufyonza mashimo, kuliko hicho kimo chenyewe. Asilimia 3 ndio mpaka ambao mafundi wengi huutaja kwa gari ambalo halitabadilishwa kitu kingine, na hili limeuvuka kwa unywele. Sitakukataza.

Ila mimi ningenunua 265/65R17 ileile, na fedha iliyobaki niipeleke kwenye springi. Ukishapata sentimita 2 nyuma pale palipopungua, milimita 13 za tairi zitakuwa pambo. Aliyechora gari hilo alipima breki, gia, usukani na mfumo wa kuzuia kuteleza kwa tairi la milimita 776, na wewe karibu siku zote uko kwenye lami ambako mambo hayo manne ndiyo yanayokufikisha.

Unachopaswa kubadilisha ni aina. Ubavuni utakuta herufi: H/T ni la lami, A/T ni la mchanganyiko, M/T ni la matope. La matope lina mikato mipana ya kutema tope, kwa hiyo mpira unaogusa lami ni mchache. Linavuma, na kwenye lami iliyolowa linachelewa kusimama. Kulitembeza kila siku mjini ili likusaidie mara chache kwa mwaka ni hasara ya fedha na ya usalama. A/T yenye mikato ya wastani inakutosha kwa ule udongo, na ukichagua ile ambayo vipande vyake vya katikati vimekaribiana, kelele itakuwa ndogo. Kama safari za kwa wazazi huzifanya kiangazi tu, hata H/T nzuri ingekufikisha, lakini umetaja utelezi, basi chukua A/T.

Dukani soma herufi na namba zilizobaki. Ile 112 yako maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120, na S ni mwendo wa juu wa kilomita 180 kwa saa. Jipya lisiwe chini ya hapo kwa uzito. Kwa mwendo utakutana na T ya 190 au H ya 210, zote sawa. Ukiletewa Q ya 160, limerudi nyuma. Kama mbele ya saizi pameandikwa LT, hilo ni tairi la magari ya mizigo: mbavu ngumu, uzito mwingi, na linahitaji upepo mwingi zaidi ili libebe mzigo uleule, kwa hiyo kipimo cha upepo kilicho kwenye kibandiko cha mlangoni hakilifai. Huna haja nalo. Angalia pia tarakimu 4 za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT. Zikiwa 2325, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2025. Jipya lililokaa stoo miaka mingi si jipya, hata kama vinyweleo vya mpira bado viko usoni.

Na hayo mabega yaliyolika. Tairi likilika mabega yote mawili na katikati kukabaki, limekuwa likitembea na upepo mdogo kwa muda mrefu. Likilika katikati, upepo ulizidi. Bega moja tu, ni alaimenti. Kwa hiyo gari lako limekuwa likikaa chini kidogo, likinywa mafuta zaidi na kupasha mbavu moto, na kwenye safari ile ya watu 6 hali ilikuwa mbaya zaidi. Pima upepo asubuhi kabla ya kutembea, tairi likiwa limepoa. Kwenye kibandiko mara nyingi kuna vipimo viwili, cha kawaida na cha gari lililopakiwa. Hicho cha pili ndicho cha safari ya wazazi. Namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, usijaze kwa hiyo. Ukiamua kuchukua 265/70, mwambie muuzaji akuonyeshe jedwali la mzigo na upepo la tairi hilo badala ya kukisia.

Ukiichukua hiyo 265/70, usiondoke hapo kabla ya kujaribu. Gurudumu moja la mbele lipande kwenye kitu kilichoinuka ili springi ibanwe, usukani uzungushwe mpaka mwisho kulia na kushoto, mtu ainame asikilize na kutazama. Rudia kwa rivasi. Kwa saizi yoyote, balansi na alaimenti zifanywe siku hiyo, na nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Mawili sasa na mawili baadaye: hapana, na kwa gari lako hasa hapana. Linavuta magurudumu yote muda wote. Tairi jipya na lililolika hata kwa saizi moja hayana mzunguko sawa. Milimita 5 za mpira zilizokwisha usoni ni milimita 10 kwenye kipenyo, zaidi ya asilimia 1. Mbele na nyuma zikitofautiana hivyo, difu la katikati, linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, linafanya kazi kila mita unayokwenda, hata kwenye barabara iliyonyooka, na kulitengeneza ni gharama kuliko matairi unayojaribu kuahirisha. Kuchanganya 265/65 na 265/70 ndiyo zaidi ya mara mbili ya hapo. Nunua manne kwa mpigo, hata kama ni ya chapa ya bei ya kati, mradi uzito na tarehe viko sawa. Springi zinaweza kusubiri mpaka kabla ya safari ijayo. Matairi yaliyolika mabega hayasubiri mvua.

Kuhusu la akiba, kagua tarehe yake. Ukibaki na 265/65 na hilo halijazeeka wala kupasukapasuka, litabaki kuwa la akiba kama lilivyo, la kukutoa kwenye pancha hadi kwa fundi, polepole na bila kukawia. Ukihamia 265/70 itabidi ununue matano, kwa sababu ileile ya difu. Mpigie fundi wako umuulize springi mbili za nyuma ni kiasi gani, uweke bei hiyo pembeni ya bei ya hilo tairi la tano, na hesabu hiyo mwonyeshe mume wako kabla shemeji hajamfikia.